Usitie Saini Neno Usilolijua

Nazungumza nanyi nyote mnaotusikiliza hapa Ilembo, katika mitaa yote ya Mpanda, na ninyi wa Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika. Wewe uliyeko gengeni unapanga nyanya mafungu mafungu, wewe uliyeegesha bodaboda kivulini ukisubiri abiria, wewe uliyeko shambani na redio yako imening'inia mtini, karibu tukae pamoja.

Leo nataka tuzungumze juu ya maneno. Nayo ni yale maneno magumu ya Kiingereza, yale adimu, ambayo hayatajwi sokoni wala msibani, lakini siku moja yanakufikia yakiwa yameandikwa kwenye karatasi, na chini ya karatasi pana mstari wa kutia saini. Je, umewahi kuletewa karatasi ya namna hiyo? Ulifanya nini? Uliuliza maana, au ulitia saini ukamwachia Mungu?

Nina mambo matatu. La kwanza, maneno haya yametoka wapi. La pili, yana maana gani, hasa yale yanayotufikia sisi wa hapa mkoani Katavi. La tatu, tufanye nini tunapokutana nayo. Narudia: yametoka wapi, yana maana gani, tufanye nini. Mwenye mwanafunzi karibu amwambie achukue kalamu na daftari.

Tuanze na la kwanza. Yametoka wapi?

Wengi wetu tukikutana na neno gumu la Kiingereza tunaona haya. Tunadhani kila Mwingereza analijua, ila sisi tu hatukusoma vya kutosha. Ndugu yangu, sivyo. Mengi ya maneno haya ni magumu hata kwa Mwingereza mwenyewe, kwa sababu hayakuzaliwa na Kiingereza.

Mwaka 1066, mtawala mmoja kutoka Normandy, upande wa Ufaransa, jina lake William, aliivamia Uingereza akaiteka. Yeye na wakuu wake walizungumza Kifaransa. Basi mahakama nazo zikazungumza Kifaransa, na kumbukumbu za mashauri zikaandikwa kwa Kilatini. Hebu fikiria mkulima wa Kiingereza wa zama hizo. Anasimama mbele ya mahakama, shamba lake liko hatarini, na lugha inayosemwa juu ya shamba hilo haijui hata kidogo. Anatazama midomo tu.

Hali hiyo iliendelea miaka karibu mia tatu. Mwaka 1362, wakati wa Mfalme Edward wa Tatu, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba mashauri yazungumzwe kwa Kiingereza. Sababu iliyotolewa ni nyepesi kueleweka: watu hawakijui Kifaransa, hivyo anayeshitakiwa hajui linalosemwa kumtetea wala linalosemwa kumwangamiza. Hata hivyo kumbukumbu ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini. Ikabidi Bunge lipitishe sheria nyingine mwaka 1731, ikaanza kutumika mwaka 1733, kuamuru kwamba maandishi ya mahakama nayo yawe ya Kiingereza. Na bado maneno ya Kifaransa na Kilatini yalibaki yamejichimbia ndani ya sheria. Mwaka 1999 tu, juzijuzi kabisa, kanuni mpya za mashauri ya madai huko Uingereza ziliyaondoa baadhi yake na kuweka ya kawaida mahali pake.

Kwa hiyo, msikilizaji, nataka hili likae kichwani: maneno haya yaliwatesa Waingereza kwanza. Walilalamika, wakatunga sheria, na wanaendelea kuyapunguza. Usione haya kutoyajua. Haya ya nini, wakati wenye lugha wenyewe waliyakimbia?

Tuje kwa jambo la pili. Yana maana gani?

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo penye kazi. Nitachukua maneno machache tu, yale yanayoweza kukufikia wewe mkulima wa mpunga, wewe mwanakikundi, wewe uliyefiwa na mzazi, wewe uliyelaza mgonjwa.

Tuanze na mikopo. Hapa kwetu watu wanakopa. Wapo wanaokopa kwenye vikundi, wapo wanaokopa benki, na wapo, Mungu awasaidie, waliotumbukia kwenye ile mikopo tunayoiita kausha damu. Katika mikataba mingi ya mikopo ya kikundi iliyoandikwa kwa Kiingereza kuna maneno matatu yanayokaa pamoja: "jointly and severally". Neno la mwisho ndilo lenye shida. Mtu aliyesoma kidogo atadhani linahusu wingi, vitu kadhaa. Katika mkataba halina maana hiyo kabisa. Maneno hayo yanasema hivi: wote kwa pamoja, na kila mmoja peke yake.

Sasa maana hiyo inafanya kazi gani? Chukua mfano. Akina mama watano wamekopa shilingi milioni tano. Kila mmoja amechukua milioni moja, na kila mmoja moyoni anasema, mimi nadaiwa milioni moja. Biashara zikaenda vibaya. Mmoja amehama, mmoja anaugua, wawili hawana kitu. Amebaki mmoja mwenye mashine ya kukoboa. Je, mkopeshaji anaweza kumdai huyo mmoja deni lote lililobaki? Kwa maneno yale matatu, ndiyo, anaweza. Kila mmoja peke yake anabeba deni zima. Baada ya kulipa, mama huyo ana haki ya kuwadai wenzake fungu lao, lakini hayo yatakuwa baina yake na wao. Mkopeshaji yeye ameshachukua chake.

Narudia, maana hili ni zito: wote kwa pamoja, na kila mmoja peke yake. Sisemi kikundi ni kitu kibaya. Vikundi vimesomesha watoto na vimeezeka nyumba nyingi katika mji huu. Ninachosema ni kwamba ukitia saini chini ya maneno hayo, ujue unajidhamini wewe na wenzako wote. Watazame wenzako usoni kwanza. Je, unaweza kumlipia kila mmoja wao?

Bado tuko kwenye mikopo. Nyumba au kiwanja kikiwekwa dhamana ya mkopo, kwa Kiingereza huitwa "mortgage". Sisi tunasema rehani, na rehani tunaijua tangu zamani. Neno la Kiingereza limetoka Kifaransa cha kale, na maana yake ni rehani iliyokufa. Kwa nini iliyokufa? Mwanasheria mmoja mashuhuri wa Uingereza wa karne ya 17, Edward Coke, alilieleza hivi: mkopaji asipolipa, ardhi imekufa kwake; akilipa, rehani imekufa kwa mkopeshaji. Lazima kimoja kife. Kwa hiyo karatasi ikiwa na neno hilo, uliza swali moja tu: nikishindwa kulipa, ni mali gani itakayoondoka mikononi mwangu? Wakuonyeshe na waitaje kwa Kiswahili.

Tutoke kwenye mikopo, twende mahakamani na kwenye baraza la ardhi. Wangapi kati yetu wana mgogoro wa shamba? Ni wengi. Mkoa wetu una ardhi nzuri, watu wanahamia, mipaka inagusana, wakulima na wafugaji wanakutana. Kwa hiyo maneno haya yatatufikia tu.

La kwanza: "ex parte". Ni Kilatini, maana yake upande mmoja. Ukiletewa wito wa kufika mahakamani ukauweka chini ya godoro, ukasema hao wananisumbua tu, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Mwenzako atasema yake, wewe hutasema lolote, na hukumu itatoka. Yapo mazingira ambayo unaweza kuomba hukumu hiyo iondolewe, lakini uwe na sababu ya kweli na uende mapema. Kwa hiyo wito ukija, usikimbie. Nenda.

La pili: "locus standi". Kwa Kilatini ni mahali pa kusimama. Kwa maana ya sheria, ni haki ya mtu kuwa ndiye anayedai. Sikiliza mfano huu, maana unawaumiza watu wengi. Baba amefariki, ameacha shamba. Jirani ameingia ndani ya mipaka. Kijana wa marehemu anakimbilia mahakamani kumshitaki jirani. Shauri linatupwa. Kijana anatoka analia, anasema wametunyang'anya shamba la baba. La hasha. Hakuna aliyesema shamba si la baba. Kilichosemwa ni kwamba yeye hakuwa na pa kusimama, kwa sababu mali ya marehemu inadaiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kijana huyu hakuwa ameteuliwa. Dawa yake ilikuwa ukoo ukae kikao, upendekeze msimamizi, mahakama imteue, kisha msimamizi adai. Maneno mawili ya Kilatini, na ukoo mzima unaishi miaka na uchungu kwa kuamini kwamba umedhulumiwa.

La tatu ni maneno mawili yanayofanana, lakini umbali wake ni kama Mpanda na Dar es Salaam. Shauri linaweza kuwa "struck out", na linaweza kuwa "dismissed". Mtu anarudi nyumbani anasema tumeshindwa. Umeshindwa vipi? Kwa kawaida, lile la kwanza maana yake shauri limeondolewa mahakamani kwa sababu lina kasoro: hati haikukaa sawa, au limepelekwa mahali pasipo pake. Ukirekebisha kasoro, na muda wa kisheria haujapita, unaweza kurudi. La pili maana yake shauri limetupiliwa mbali, limekwisha katika mahakama hiyo, na njia iliyobaki kwa kawaida ni rufaa. Umeona? Mmoja anatakiwa kurekebisha karatasi zake, mwingine anatakiwa kukata rufaa, na wote wawili wamekaa nyumbani wakisema tumeshindwa. Siku zinapita, na siku zikipita haki nayo inapita. Kwa hiyo usitoke mahakamani kabla hujauliza: limeondolewa, au limetupwa? Nina siku ngapi?

La nne, na hapa ndipo tutakapoachana na mahakama: "execution". Neno hili linatisha. Katika Kiingereza cha kawaida linaweza kuwa na maana ya kumnyonga mtu aliyehukumiwa kifo. Katika mkataba lina maana ya kutia saini. Katika shauri la madai lina maana ile tunayoiita kukazia hukumu, yaani kuhakikisha kilichoamriwa kinatekelezwa, hata ikibidi kukamata mali. Neno moja, maana tatu: kunyonga, kutia saini, kukazia hukumu. Sasa niambie, msikilizaji, mtu wa kawaida atajuaje ni ipi, asipouliza?

Twende hospitali, kwa ufupi. Daktari anaweza kuandika kwenye faili la mgonjwa wako kwamba ugonjwa wake ni "idiopathic". Neno ni refu, limetokana na Kigiriki, na familia nzima inaingiwa na hofu: mama amepatwa na jambo gani hili? Maana yake ni kwamba chanzo cha ugonjwa huo hakijulikani. Basi. Halisemi kwamba ugonjwa huo hauna tiba. Maradhi mengi ambayo chanzo chake hakijulikani yanatibiwa, mgonjwa anaendelea na maisha yake. Madaktari na wauguzi wetu wana kazi nyingi, tunalijua hilo, lakini hakuna ubaya ukimwambia kwa adabu: daktari, naomba unieleze kwa Kiswahili mgonjwa wangu ana nini. Wengi watakueleza kwa moyo mweupe.

Mwisho katika jambo hili la pili, nigusie neno ambalo sasa kila mjumbe wa kamati hapa kwetu analitamka: fosi akaunti. Shule inajengwa, zahanati inajengwa, mgeni rasmi anasema mradi huu umetekelezwa kwa fosi akaunti, watu wanapiga makofi. Ni wangapi wanaopiga makofi wanajua maana yake? Maana yake ni kwamba taasisi ya umma, iwe shule au halmashauri, inasimamia ujenzi yenyewe. Inanunua saruji, nondo na mabati yenyewe, na kuajiri mafundi wa hapa hapa, bila kumpa mkandarasi kazi nzima. Sasa kama ni hivyo, kamati ndiyo jicho la wananchi. Wewe uliye kwenye kamati ya mapokezi, kazi yako ni kuhesabu mifuko ya saruji inaposhuka kwenye gari na kuona kama inalingana na karatasi. Mtu asiyejua maana ya neno hilo hukaa kwenye kamati kama mgeni. Anayelijua anahesabu mifuko.

Haya, tumeona mikopo, tumeona mahakama, tumeona hospitali, tumeona ujenzi. Kote ni jambo lile lile: neno lisiloeleweka linamnyima mtu nafasi ya kufanya lililo sawa. Linamtoa kwenye shauri lake, kwenye deni lake, hata kwenye ugonjwa wa mama yake, halafu watu wengine wanaamua.

Tuje kwa jambo la tatu. Tufanye nini?

Kwanza tujue kwamba sheria iko upande wetu. Mahakama za Mwanzo nchini mwetu zimetumia Kiswahili miaka mingi. Lakini huko juu, hasa katika hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, Kiingereza ndicho kilichotawala. Tarehe 1 Februari 2021, katika Siku ya Sheria iliyofanyika Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, akamteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwezi huo huo Bunge likarekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, ikawekwa wazi kwamba lugha ya sheria na lugha ya mahakama nchini ni Kiswahili. Kiingereza kimeachiwa nafasi pale haki inapodai hivyo. Na mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua toleo jipya la sheria za nchi, na kazi ya kuziweka sheria hizo katika Kiswahili ikawa imepiga hatua kubwa.

Kwa hiyo ukisema naomba nielezwe kwa Kiswahili, huombi fadhila. Narudia: huombi fadhila. Hakuna mtu mwenye haki ya kukucheka wala kukukaripia kwa kuomba hivyo.

Lakini, msikilizaji, lazima tuseme ukweli wote. Je, karatasi ikiandikwa Kiswahili, mambo yamekwisha? Hapana. Kiswahili nacho kina maneno yake adimu. Lile toleo jipya la sheria nililolitaja linaitwa Toleo la Urekebu. Urekebu! Ni wangapi wamewahi kulisikia neno hilo gengeni? Lina undugu na kurekebisha, na ukishaelezwa unaliona ni jepesi, lakini ni lazima mtu akueleze.

Na sisi watu wa Katavi tuna sababu ya ziada ya kulijali jambo hili. Hapa kuna Wabende, Wakonongo, Wapimbwe, Warungwa, Wafipa, Wasukuma, Waha, na ndugu zetu wenye asili ya Burundi waliokuja mwaka 1972. Wapo wazee ambao Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Bibi anayezungumza Kipimbwe tangu utoto wake, ukimsomea mkataba kwa Kiswahili cha vitabuni, hujamsaidia sana. Mjukuu akae naye, amweleze kwa lugha yake, taratibu, mpaka bibi aseme nimeelewa, na kisha bibi aeleze yeye mwenyewe alichoelewa.

Uzuri ni kwamba neno adimu huzoeleka likitumika. Ushahidi tunao. Barakoa lilikuwa neno la watu wa pwani, la kifuniko cha uso cha wanawake. Mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona, kila mtoto wa Mpanda akalijua. Kishikwambi, nani alikijua kabla ya Sensa ya Agosti 2022? Makarani wakapita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mkononi, na leo ni neno la kawaida. Stakabadhi, ambalo wengi tuliliacha tukasema risiti, limerudi kupitia stakabadhi ghalani, mfumo uliowekwa na sheria ya mwaka 2005, na sasa wakulima wa korosho na ufuta wanalitamka kama jina la mtoto wao.

Na upo mfano wa hapa kwetu kabisa. Neno tajnisi. Nenda miji mikubwa ukawaulize wasomi maana ya uraia wa tajnisi, wako watakaosita. Njoo Katumba au nenda Mishamo, umuulize mzee aliyekaa barazani. Atakueleza papo hapo: ni uraia anaopewa mtu ambaye hakuzaliwa nao, baada ya kuomba na kukubaliwa. Analijua kwa sababu lilibeba maisha yake. Alisubiri miaka, vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014, na jina la kile alichokisubiri hawezi kulisahau. Hakulijua kwa sababu alisoma sana. Alilijua kwa sababu aliuliza: hii karatasi inanipa nini?

Swali hilo ndilo la kubeba leo. Karatasi hii inanipa nini, na inanichukulia nini?

Sasa nakupa hatua nne. Chukua kalamu.

Hatua ya kwanza: usitie saini siku hiyo hiyo kama kuna neno hulijui. Omba nakala, nenda nayo nyumbani. Mtu mwenye nia njema hatakukatalia kusoma. Akikukatalia, jua pana jambo.

Hatua ya pili: pigia mstari kila neno usilolielewa, hata yakiwa ishirini. Usiruke hata moja. Tumezoea kusikia kwenye matangazo vigezo na masharti kuzingatiwa. Hivyo vigezo na masharti ndivyo ambavyo watu hawavisomi.

Hatua ya tatu: tafuta anayejua. Mwalimu wa sekondari wa mtaani kwako ana kamusi. Taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile tuliyoizoea kwa jina la TUKI, ilitoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1996. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lina Kamusi Kuu ya Kiswahili iliyotoka mwaka 2015. Lakini kumbuka, kamusi ya kawaida inakupa maana ya kawaida, na tumeona leo kwamba mkatabani neno linaweza kuwa na maana nyingine. Kwa hiyo ukishapata maana ya kamusi, nenda kwa mwanasheria au msaidizi wa kisheria. Tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na mtu asiye na uwezo wa kulipa anaweza kusaidiwa bure. Uliza ofisi ya mtaa au ofisi ya ustawi wa jamii wakuelekeze.

Hatua ya nne: eleza wewe mwenyewe. Mtu akishakufafanulia, mwambie, ngoja nikueleze nilivyoelewa. Ukishindwa kueleza, bado hujaelewa, hata kama umetikisa kichwa mara kumi. Wengi tunatikisa kichwa kwa heshima. Heshima ni jambo jema, lakini deni halilipwi kwa heshima.

Na ninyi mnaoandika karatasi hizi, makarani, maofisa mikopo, mawakili, watendaji, nawaomba kwa moyo wote. Mnaandika kwa ajili ya nani? Kama mnaandika kwa ajili ya mama wa Ilembo, andikeni neno ambalo mama wa Ilembo analijua. Pale ambapo sheria inawalazimisha kutumia neno gumu, liwekeeni maelezo chini yake, mstari mmoja tu. Mkataba unaoeleweka hauleti kesi nyingi, na deni linaloeleweka hulipwa kwa urahisi zaidi. Ni faida kwenu pia.

Nanyi wanafunzi mnaosikiliza, msifanye maneno magumu kuwa pambo. Mkijifunza neno gumu shuleni, rudini nalo nyumbani mkalifungue mbele ya wazazi. Kijana anayeweza kumweleza babu yake maana ya neno moja kwenye hati ya shamba amefanya kazi kubwa kuliko anayeyatamka mia moja mbele ya watu ili wamshangae.

Muda wetu umekwisha, nami nifunge kwa kurudia. Yametoka wapi? Mengi yametoka Kifaransa na Kilatini, na yaliwatesa Waingereza kabla hayajatufikia. Yana maana gani? Yanagusa deni lako, shamba lako, shauri lako na mgonjwa wako. Tufanye nini? Tuombe nakala, tupige mstari, tumtafute anayejua, tueleze wenyewe. Kama jirani yako hakusikia kipindi hiki, mweleze jioni hii. Na kama ndani ya nyumba yako kuna karatasi uliyoitia saini bila kuielewa, itoe leo, isome upya, na kesho asubuhi nenda ukaulize maana.